Makaratasi ya Katikati

Mwangangi wa Matiliku alikuwa na kipaji cha kuchora, na kipaji kikubwa zaidi cha kujisifu. Cha kwanza alizaliwa nacho. Cha pili kilimea mwaka wa 1974, lori la sinema lilipozunguka Makueni na Kitui likionyesha katuni iliyoitwa *Mwaitu na Kilima*. Ilikuwa ya dakika nne tu. Mama mzee, Mwaitu kwa Kikamba, mvua imemchukulia udongo wa shamba, anateremka mtoni, anaujaza kwenye kiondo na kuupandisha mgongoni, mkanda umemkaza kwenye paji la uso, mpaka majirani wanaona haya na kutoka na majembe kumchimbia matuta. Watu walicheka, halafu wakanyamaza, na kina mama wengine wakajifuta macho kwa leso. Tangu hapo Mwangangi akipita sokoni ilikuwa, "Huyo ndiye alimchora Mwaitu." Naye hakumsahihisha mtu hata siku moja.

Kumbe walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Rashid wa Migwani, ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo, na chumba cha nyuma cha duka hilo ndicho kilichokuwa karakana yao. Stima haikuwepo. Walichukua kioo cha dirisha wakakilaza juu ya meza, chini yake wakaweka kioo cha kujitazamia, jua likiingia dirishani linarudishwa juu na kupenya kwenye karatasi, mchoro wa chini ukaonekana kupitia wa juu. Mwangangi alichora mikao mikubwa: Mwaitu yuko chini ya kilima, mguu mmoja mbele, Mwaitu yuko kileleni, ametua mzigo. Karatasi thelathini na sita kwa filamu nzima. Mwendo wote uliobaki, wa kumtoa Mwaitu huku na kumfikisha kule, ulikuwa wa Rashid. Karatasi mia nne na kumi na mbili, moja baada ya nyingine, macho yakimwasha. Mwangangi aliita hiyo kazi ya kujaza. Mimi ningemnyang'anya penseli kwa neno hilo, lakini Rashid alikuwa mpole, alicheka tu.

Mwaka wa 1997 shirika moja la maji na udongo lililokuwa na ofisi Makindu likaamua kuifufua filamu hiyo. Nakala za zamani zilikuwa zimeoza. Michoro, yote, ilikuwa kwa Mwangangi, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Akafunga safari hadi Migwani kumpa Rashid habari, na nitasema kwa haki kwamba hapo alifanya la kiungwana.

"Kompyuta mimi siwezi," Rashid alisema. Mvi zilikuwa zimemjaa ndevuni. "Nenda ukaifanye, ndugu yangu. Lakini zile zangu za katikati, ukimaliza nazo niwekee. Nitakuja kuzichukua baada ya Idi."

"Za nini sasa, Rashid?"

"Niwekee tu. Nakuomba."

Mwangangi akaahidi. Aliahidi akiwa anaaga, mguu mmoja uko nje, akili tayari iko Makindu.

Fundi wa kompyuta pale Makindu alikuwa msichana aliyeitwa Muthoki, mwenye heshima zake na haraka zake. Alimwekea mzee kiti mbele ya mashine na kumweleza.

"Mzee, kuna njia mbili. Ya kwanza, unaniletea michoro yote. Nitaipitisha kwa skana moja moja, halafu kompyuta itaweka rangi. Mchoro unabaki ni wa mkono wenu, mashine inawasaidia tu. Lakini hiyo ni kama wiki tatu. Ya pili, unanipatia ile mikubwa peke yake, na mashine inajaza katikati yenyewe. Siku mbili, tatu."

"Inajaza yenyewe?"

"Ee. Inaangalia mahali ametoka na mahali anaenda, inampeleka."

Kichwa cha Mwangangi kikavimba. Kwa hiyo kazi ya Rashid hata mashine inaweza! Miaka ishirini na tatu amekuwa akijiambia hivyo kimoyomoyo, na leo msichana aliyesoma Nairobi anamthibitishia.

"Fanya hiyo ya pili," alisema.

"Una uhakika, mzee? Mimi ningependa kuziona za katikati kwanza."

"Hizo ni za kujaza tu."

Aliporudi nyumbani alikuta Mwalimu Nzilani wa shule ya chekechea akimngoja. Watoto hawakuwa na karatasi za kuandikia. Je, mzee hakuwa na zozote, hata zilizotumika upande mmoja? Mwangangi akalivuta lile sanduku. Alimkumbuka Rashid, tusimsingizie usahaulifu. Alimkumbuka vizuri, akajiambia kwamba Rashid mwenyewe ni mtu wa watoto, hatakataa, na kwamba makaratasi ya kujaza hayawezi kumkosanisha mtu na rafiki yake. Akampa mwalimu zote mia nne na kumi na mbili, akashukuriwa sana, akalala akijiona mtu mwema.

Filamu mpya ilionyeshwa Matiliku Jumapili moja baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa televisheni na video. Rangi zilikuwa za kupendeza, hata mwenyewe alishangaa. Mto uling'aa. Halafu Mwaitu akaanza kupanda kilima. Alipanda bila kukosea hata hatua moja. Miguu ilikwenda, kilima kilipungua, akafika kileleni, kana kwamba kiondo kilikuwa na pamba. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyenyamaza. Watu waliendelea kuongea yao. Mama mmoja mzee aliyeketi mbele aligeuka.

"Mwangangi, yule mama wetu yuko wapi? Yule alikuwa anafika katikati anasimama kwa jiwe, anashika goti, halafu anaangalia nyuma. Mimi nilikuwa nalilia hapo."

Mwangangi hakuwa amechora jiwe lolote. Hakuwa amechora mtu aliyesimama. Mashine ilipewa mahali pa kutoka na mahali pa kwenda, ikamfikisha, kosa lake liko wapi? Aliyejua kwamba kati ya chini na juu binadamu huchoka alikuwa Rashid, na yeye Mwangangi alikuwa amekaa na sifa za Rashid mfukoni muda wote huo.

Alitoka ukumbini mbio, na umri wake ule, hadi kwa Mwalimu Nzilani. Mwalimu alisikitika kweli kweli. Watoto waliandika a, e, i, o, u, wakapeleka nyumbani kuwaonyesha mama zao, na unajua karatasi ikifika jikoni. Walizunguka nyumba kwa nyumba. Wakapata kumi na moja.

Siku iliyofuata alikuwa Migwani. Rashid alizipanga zile kumi na moja mezani taratibu, akazigeuza, akaona irabu za watoto, akazigeuza tena.

"Ya jiwe haiko."

"Haiko. Nisamehe, Rashid. Nilizigawa mwenyewe, na nilijua nimekuahidi."

Rashid hakupandisha sauti. Heri angempigia kelele.

"Yule alikuwa mama yangu," alisema. "Nilimwambia apande kilima hapo nyuma ya duka na debe la maji mgongoni, ndio nione. Kila akifika kwa jiwe anasimama. Nikamwambia, mama, usisimame. Akasema hapo hawezi kupita bila kupumzika. Basi nikamchora hivyo. Picha yake ninayo ya kitambulisho tu, amekodoa macho, hata hafanani."

Mama huyo alikuwa amefariki miaka kumi na minne nyuma. Mwangangi alikula kwake siku nyingi kuliko alizokula kwa mama yake mwenyewe, na alikuwa amemtazama katika filamu ile mara mia asimtambue.

"Chora tena," alisema. "Penseli hii hapa. Nitakaa hapa mwezi mzima, nitakuhudumia mimi."

Rashid alichukua penseli. Alichora kilima, akachora jiwe, akachora mgongo ulioinama chini ya mzigo, halafu mkono wake ukasita juu ya karatasi.

"Goti alikuwa anashika na mkono gani?"

Mwangangi alimtazama, akidhani anamtega. Hakuwa anamtega.

"Nimesahau," Rashid alisema. "Nilijua iko kwa karatasi, sikujisumbua kukumbuka. Wewe pia ulikuwako siku hiyo. Ulikuwa umekaa hapo mlangoni, unatuambia tuharakishe jua linaondoka. Yeye alikuwa anapita mbele yako. Niambie, Mwangangi. Ulikuwa mkono gani?"

Mwangangi alifumba macho akaitafuta siku ile. Aliikumbuka chapati ya mama Rashid aliyokuwa ameishika, bado ya moto. Aliikumbuka iliki kwenye chai, na jinsi alivyokasirika jua lilipotoka kwenye kioo.

"Sijui," alisema.