Upande wa Kupokea

...na bado anaimba, yule wa upande wa pili wa tuta, taratibu, kama mtu anayechambua sufu, kana kwamba mtoto haungui kwa homa, kana kwamba Wulfrun hajalala kifudifudi kwenye matope ya njia panda, mikono imezama hadi mabegani ndani ya shimo lililotoboa tuta, akingoja kupokea mtoto akipitishwa humo, siku zote ni kupokea tu, tangu usichana wake mama alimweka upande huu wa shimo, "Wewe ni wa kupokea, mwanangu, na unyamaze, ukitamka neno kabla hujaziba shimo kwa miiba homa itamfuata mtoto," naye akanyamaza, akavuta watoto wa watu kutoka tumboni mwa ardhi kama mkunga, wametapakaa udongo, wanalia, wamepona, akaziba, akanawa mikono, na wimbo, wimbo wenyewe, mama akaja kumpa nani? Leoba! Mke wa kaka yake, mtu wa kuja, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto hata ng'ombe hajui kumkamua, huyo ndiye aliyefungiwa chumbani na mama siku zile mama anakata roho, na wimbo hupewa mtu mmoja tu, ukishatoka umetoka, huku binti wa kuzaa yuko nje anakoroga uji wa shayiri, ukamuungulia, na Leoba alipotoka macho mekundu, unafiki mtupu, nani analia akipewa mali... na tangu hapo kijiji kizima ni Leoba, Leoba, ng'ombe amekauka maziwa, Leoba, nyuki wamehama, Leoba, hata mume wake mwenyewe akiumwa jino, "Hebu niitie wifi yako," wifi yako, wifi yako, wivu ukamkaa kooni Wulfrun kama mwiba wa samaki, haupandi haushuki... Sauti inasema pakanga sasa, majani ya kwanza kati ya yale tisa ya dawa, kisha itamtaja Woden, mungu wa zamani, mama alikuwa akimtaja hivyo hivyo kwa sauti ya chini hata baada ya wote kubatizwa mtoni, na leo asubuhi Wulfrun alipopeleka siagi kwa Padri Wigbert hakukusudia kusema, au alikusudia, alikusudia, mbona anajidanganya. "Padri, yule mchawi atakuwa njia panda leo." "Yule anayemwita Woden?" "Huyo huyo." "Na mtoto ni wa nani?" "Sijui, Padri, wa watu tu." Wa watu! Esi wake, aliyemzaa akiwa peke yake wakati wa mavuno! Lakini hesabu ilikuwa nzuri, kwanza Esi aponywe, kisha padri aje na watu wake na ile kengele ya mkononi, Leoba ahukumiwe kula mkate mkavu na maji miaka na miaka, kanisani asikanyage, watoto wamkimbie, tuone kama watu watamtafuta tena, na kwani ni mganga gani huyo, kichanga chake mwenyewe, Ebba, kimekufa kwa homa hii hii majira ya baridi, amekipakata, mdomo ameufumba, hakukiimbia hata neno, Wulfrun alisimama mlangoni akaona, akasema moyoni, kumbe hajui kitu, akafurahi, kidogo, alifurahi...

Wimbo umekatika. "Wifi," sauti ya Leoba inakuja kupitia shimoni, nzito kwa udongo, "usinijibu, najua hujibu. Esi anatetemeka, lakini nimemkumbatia. Anakuita wewe. Nimemwambia mama yuko pale pale, ukinyoosha mkono utamgusa." Kisha, "Mwenzio siku zote nilitaka kukwambia, nikikutazama usoni nashindwa. Ebba sikumwimbia kwa sababu wimbo hauponyi damu ya mwimbaji, unaiua haraka zaidi. Mama aliniambia kabla hajanipa, 'Ukiupokea, wako hutawaimbia, lakini wa Wulfrun watakuwa na mtu.' Nikalia, nikakubali. Haya, baba, kichwa hapa, tunamalizia." Na wimbo unaanza tena, na Wulfrun matope yanamwingia mdomoni maana mdomo umeachama wenyewe, wa Wulfrun watakuwa na mtu, wa Wulfrun, na mara anamwona Cutha, mdogo wake, kwenye mapaja ya mama, midomo imepasuka kwa homa, na yeye kibinti anavuta nguo ya mama, "Imba basi, mama! Mbona wa jirani unawaimbia?" na mama, taya zimekaza, "Wangu simwimbii," basi, maneno mawili, ameyabeba miaka yote hii akidhani ni uchoyo, mama, kumbe hukuninyima, ulininusuru, na mwenzangu akalipa kwa kichanga chake, na mimi nikafurahi pale mlangoni, mimi, leo asubuhi, na siagi mkononi...

Kengele. Kule kivukoni, ndogo, kali, ndiyo yenyewe, mapema hivi, amekuja mapema, kimbia, Leoba, toka hapo, kimbia, lakini Esi hajaingizwa shimoni, wimbo haujaisha, na neno moja tu la Wulfrun litamrudishia mtoto homa, kwa hiyo analiuma bega la nguo yake, anafumba mdomo mpaka taya zinauma, kama zile za mama, kama zile za Leoba na Ebba mapajani, na nyuma ya meno neno lake la kwanza limekaa tayari, litatoka miiba ikishaziba, Padri, mtoto ni wangu, nimemleta mimi, nichukue mimi, na kengele inavuka maji, na vidole vyake huko gizani havijagusa kitu, na upande wa pili Leoba bado anaimba, taratibu, haruki hata neno.