Makuti Chini ya Mabati

Msabah alikuwa fundi mwashi asiyejua kunong'ona sifa zake. Alipoezeka mabati nyumba yake ya mtaa wa Ng'ambo, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, aliualika mtaa mzima uje uyatazame. Mvua ya kwanza ya masika ikayapiga mabati kwa kishindo, ikamtia adabu. Mjukuu wake Wanu, mtoto wa miaka sita asiyesema neno, alijiziba masikio, akajipigiza kichwa ukutani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Watu wakasema ana shetani. Msabah naye akakubali, maana ilikuwa rahisi kumpeleka kwa mganga kuliko kuyalaumu mabati yake. Kiburi si maungwana.

Aliyemfumbua macho ni mtoto mwenyewe. Siku moja alikwenda naye Mjini, alikokuwa akikarabati nyumba kongwe ya mawe. Mvua ikashuka. Msabah akatupa mwiko akamkimbilia, akamkuta amejikunja ndani ya kidaka, uwazi wa ukutani walimokuwa wenye nyumba wakipanga sahani za kaure, ametulia tuli; kuta nene zilikuwa zimeumeza mshindo wa mvua. Fundi mzima akaona haya. Shetani gani huyo anayeogopa bati tu?

Basi skuli ya mtaani ilipotaka chumba kipya, Msabah alijitolea kukijenga, mradi aachiwe ajenge anavyojua. Mwalimu mkuu, Bi Mwanapili, alikuwa keshamrudisha Wanu nyumbani mara mbili kwa sababu ya mayowe. Alisema atamjaribu tena siku moja, na akishindwa asiletwe tena.

Msabah akajenga kuta nene, akazipaka chokaa iliyochanganywa na udongo weupe wake usichome macho. Madirisha akayaelekeza mbali na barabara, na pembeni akaacha kidaka cha kumtosha mtoto kukaa. Chini ya mabati akapanga makuti mazito. Hapo Simai, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akaja juu: watu wanayakimbia makuti, fundi anayarudisha skuli! Akaapa kuyang'oa.

"Bati ni la macho ya wapita njia, Ndugu Mwenyekiti," Msabah alimjibu. "Makuti nnamwekea mtoto."

Siku ya kufungua, Simai alifika na vijana wawili na ngazi. Bi Mwanapili alikuwa ndiyo kwanza anaita majina mvua ilipomwagika. Chumba cha zamani cha jirani, chenye mabati matupu, mwalimu mwingine alinyamaza, hasikiki. Chumba kipya, Bi Mwanapili aliendelea kwa sauti ile ile. Wanu alijiziba masikio, akaingia kidakani. Msabah alikuwa mlangoni akimtazama. Ukuta wake aliuamini, lakini mtoto si ukuta.

Mkono mmoja ukashuka. Kisha wa pili.

Jina la Wanu likaitwa. Darasa zima likageuka. Mtoto hakuitika, wala hakulia. Aliegemea ukuta akimtazama mwalimu. Bi Mwanapili akainamia daftari la majina.

"Yupo," alisema mwenyewe, akaandika.

Msabah alilia pale pale mlangoni, mbele ya Simai na ngazi yake, wala hakujificha.