Upande wa Pili wa Mawe

Mchora mabango alikuwa na mke anayekimbia, na kama hujawahi kuishi na mtu wa namna hiyo, basi kero huijui. Viatu vimejaa mchanga mlangoni. Soksi zimeanikwa kwenye ngazi ya kazi. Alfajiri, usingizi ndio kwanza umekolea, mtu anaruka kitandani kana kwamba ameitwa. Mtaani walimwita mwanamke huyo Mama Vumbi. Mumewe alilalamika kila asubuhi, na kila asubuhi alisogea dirishani akamtazama mpaka akate kona.

Ukimwona dukani usingemdhania. Alikuwa mpishi wa shule, mama wa watu wazima, mwenye mikono mizito na sauti ya kunyamazisha bwalo zima. Daktari alimwambia presha imepanda, apunguze chumvi na atembee. Chumvi hakupunguza ng'o. Kutembea ndiko alikokugeuza mbio, akaingia nazo kwenye msitu ulio nyuma ya mji.

Huo msitu una visa vyake. Unakanyaga mchanga mweupe, laini, unaomeza mguu mpaka kwenye kifundo. Ghafla unakutana na mawe makubwa kama nyumba, yamelaliana, mizizi imeyakumbatia. Ukishayavuka, mchanga tena. Watu wengi walipaona hapafai hata kuokota kuni. Yeye aliona njia, akaiunga kipande kwa kipande kwa miaka, na kila mahali akapabatiza jina. Mpenyo mwembamba kati ya majabali mawili aliuita Jikoni, kwa joto lake. Kilima cha mchanga kinachokurudisha chini kila ukipanda alikiita Kisirani. Na lile jiwe bapa ambapo mdogo wa mumewe alikaa akaapa kwamba haendi mbele wala harudi nyuma, mpaka leo linaitwa Kona ya Shemeji. Wapishi wenzake wakaanza kumfuata, kisha majirani, kisha watu kutoka miji mingine.

Halafu mgeni mmoja akajifanya mjuaji, akaingia peke yake, akapotea kwenye mawe. Walimpata jioni, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Ofisi ya misitu ikatoa tamko: njia ambayo mgeni hawezi kuifuata bila kuongozwa itafungwa. Bwana Misitu mwenyewe angekuja kuijaribu njia ya Mama Vumbi. Akifika salama, ibaki. Akipotea, lango lipigwe kufuli.

Mama Vumbi alikwenda karakana kwa mumewe, unga ungali mikononi.

"Baba Watoto, si wewe unayejua kumwelekeza mtu kwa kinyozi?"

"Kwa kinyozi, kwa daktari wa meno, kwa fundi redio. Mji huu wote unatembea kwa mishale yangu."

"Basi nichoree na mimi. Njia hii ikifungwa sijui nitajiweka wapi."

Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo haikuwa kawaida yake. Mchora mabango alifungua kopo la rangi ya njano papo hapo.

Kila Jumamosi wakaingia msituni, mke mbele, mume nyuma na kopo na brashi. Mke akiligusa jiwe kwa kiganja, mume anachora hapo. Aliichora mishale ile kwa heshima zote: ncha safi, mkia ulionyooka, hakuna rangi iliyochuruzika. Lakini tuseme ukweli, macho yake hayakuwa kwenye mawe. Yalikuwa kwenye mgongo ule mbele yake. Hakuwahi kumwona mkewe kazini kwake, maana pale ndipo palikuwa kazini kwake hasa. Mke alipanda majabali bila kushika kitu. Kwenye mchanga alifupisha hatua na kutua taratibu, na mchanga ukambeba. Huyu ndiye anayeniita kila mlango wa kabati ukikwama? alijiuliza, akihema, kopo likimgonga goti.

Siku ikafika. Bwana Misitu alikuwa kijana wa miguu mirefu na maneno machache. Alisalimia juu juu kama watu wa ofisini wenye haraka, akautazama mshale wa kwanza langoni, akasema kazi nzuri.

"Nitaanzia lango la upande wa pili," akasema. "Gari la ofisi linapita kule, litanishusha. Tutakutana hapa."

Gari likaondoka. Mama Vumbi akakaa kwenye mzizi. Mumewe, amejaa sifa, akazunguka nyuma ya jiwe la kwanza kutafuta kivuli, na huko akasimama ghafla. Nyuma ya jiwe hapakuwa na kitu. Akakimbilia jiwe la pili, na hakuwa mtu wa kukimbia. Tupu. Kila mshale aliuchora akiwa nyuma ya mkewe, upande ule aliokuwa akiuona yeye. Anayetoka upande wa pili angekutana na mawe matupu mwanzo hadi mwisho.

"Mama Watoto," aliita, "nimekuharibia."

Alimweleza. Mama Vumbi aliinuka, akaanza kukaza kamba za viatu, halafu akaziachia.

"Nikimfuata, nitakuwa nimemwongoza."

"Usipomfuata atapotea."

"Basi ifungwe kwa haki. Siwezi kuiba njia yangu mwenyewe."

"Basi nigombeze walau."

"Nikugombeze nini? Miaka yote naipita upande mmoja. Sikuwahi kujiuliza anayekuja anaona nini."

Wakakaa. Jua likapanda. Mchora mabango alikuwa amekwisha kosea mabango maishani, aliwahi hata kumchora kinyozi akiwa na masikio matatu, lakini hakuna kosa lililowahi kumuuma kama lile. Mkewe alikuwa akichota mchanga na kuuachia upite kwenye vidole. Angegombeza ingekuwa nafuu.

Kisha wakasikia hatua. Bwana Misitu akatokeza kati ya mawe, jasho linamtiririka, mchanga hadi magotini, anacheka.

"Mishale yako nimeiona yote, fundi. Kila nikigeuka nyuma naikuta inanirudisha nilikotoka."

"Umefikaje sasa?"

"Nimefuata kiatu. Kuna mtu kiatu chake cha kushoto kina kiraka."

Mchora mabango alikijua kiraka hicho, kipande cha tairi alichokibandika fundi viatu baada ya soli kutoboka.

"Kwenye mchanga nyayo zilikuwa wazi, zinakuja kwangu," kijana aliendelea. "Kwenye mwamba mtupu nikawa nainama. Kumbe kila anapokanyaga juu ya jiwe huacha chembe za mchanga mweupe. Jiwe hadi jiwe, hakosei. Pale kwenye mpenyo nilidhani nimekwama. Nikaona mchanga kwenye ukingo ambao mimi nisingethubutu kuukanyaga. Nikaukanyaga, nikapita."

Alitazama chini, kwenye miguu ya mpishi, kwenye kile kiatu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Vumbi.

Njia ikabaki. Ila Bwana Misitu alitaka upande wa pili wa mawe upakwe rangi upesi, maana si kila mgeni atakubali kuinama.

"Safari hii hunifuati nyuma," mke alimwambia mumewe. "Utakosea tena. Anzia huko mwisho, mimi nitakuja kwa upande wangu."

Jumamosi iliyofuata mchora mabango akaingia peke yake, akifuata alama za kiraka, akichora migongo ya mawe moja baada ya moja. Alikuwa ameinama penye Kona ya Shemeji, katikati ya mshale, aliposikia mchanga ukilia. Akainua kichwa.

Mkewe alikuwa anashuka kati ya majabali, anamjia. Kwa miaka yote mume alimtazama akienda: mgongo dirishani, mgongo msituni. Hakuwahi kumwona akija. Hakujua kwamba hukimbia akitabasamu peke yake, midomo ikichezacheza kana kwamba anajisimulia jambo tamu. Ulikuwa uso wa yule msichana ambaye yeye mwenyewe alikwenda kumposa. Alidhani uso ule umekwisha zamani, umeliwa na moshi wa jikoni na malezi. Kumbe ulikuwa huku kila alfajiri, yeye akilalamika juu ya soksi.

"Rangi inamwagika, Baba Watoto!"

"Acha imwagike."

Mshale ule una mchirizi wa njano unaoshuka mpaka chini ya jiwe. Wakimbiaji humwuliza mbona ule mmoja hakuumalizia vizuri, naye huwajibu kwamba ule ndio aliouchora akiwa anaona.