Mgeni wa Bwana Stoo

Glavu ya tatu nayo ilipasuka, kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo. Shangazi akaivua taratibu, maana ilikuwa imenasa kwenye kidonda cha moto alichokipata juzi kwenye oveni, akaitupa juu ya zile mbili za mwanzo.

"Mikono gani hii?" Madam alisema. "Kama ya mpagazi!"

"Ndiyo iliyopika," Shangazi alijibu.

Madam akachomoa nyingine. Boksi lilikuwa jipya, na ubavuni lilikuwa na muhuri wa buluu: MALI YA SERIKALI. HAIUZWI. Ndani ya chumba cha akiba, mlango wake ukiwa wazi, katoni za maboksi kama hilo zilipangwa mpaka darini, zikibanana na magunia ya mchele na madumu ya mafuta. Pale hospitali ya wilaya mume wa Madam aliitwa Bwana Stoo, kwa kuwa funguo zote za ghala la dawa zilining'inia kiunoni mwake. Jina hilo alilichukia kuliko maradhi. Alitaka kuwa Mkuu wa Ugavi wa mkoa mzima, na Jumapili hiyo alikuwa amemwalika Mkurugenzi wa Afya chakula cha mchana, aje ajionee mwenyewe ni mtu wa namna gani anayengoja cheo.

Glavu ya nne iliingia. Madam akarudi nyuma hatua mbili kumkagua Shangazi: gauni jeusi linalombana kifuani, aproni nyeupe yenye marinda, na kikofia cha lesi kilichobanwa kwa pini nne juu ya nywele zenye mvi.

"Usiseme neno. Ukisikia kengele, unakuja. Ukishaweka sahani, unasimama ukutani."

"Kama fagio."

"Nimesema usiseme neno!"

Shangazi alikuwa amevuka hamsini. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata waliomzidi umri, na Madam naye aliwahi kumwita hivyo zamani, walipopanga ua mmoja wenye vyumba sita na bafu moja. Madam alifika pale na mkeka, sufuria na mtoto mchanga aliyekohoa usiku na mchana. Mgongo uliombeba mtoto yule hadi akapona ulikuwa wa Shangazi. Siku hizo kila asubuhi ilikuwa shikamoo Shangazi, umeamkaje Shangazi, una chumvi kidogo Shangazi? Sasa ilikuwa "wewe mpishi". Wengine wangeumia. Shangazi alimtazama tu jinsi unavyomtazama kuku aliyevishwa viatu, ukingoja kuona atatembea vipi.

Lakini leo hakuwa na nafasi ya kutazama kuku.

"Nilikuomba ruhusa tangu alfajiri," alisema. "Mwanangu yuko wodi ya wazazi, uchungu umemshika tangu jana mchana. Wifi yangu yuko naye peke yake."

"Mgeni akiondoka."

"Mgeni hajafika."

"Basi ndiyo hivyo, hajaondoka."

"Nipe hata glavu chache nimtumie wifi. Wodini wameshasema, asiyekuja na glavu zake hawamgusi."

Vitu vingine alikuwa navyo ndani ya mkoba wake pale chini ya meza: pamba, wembe, uzi, shuka la plastiki. Glavu ndizo zilizomshinda. Maduka yanayotazamana na lango la hospitali huwa nazo, muhuri wake umesuguliwa kwa spiriti mpaka ukabaki waa la buluu, lakini wiki hii nayo yalikuwa makavu. Wenye maduka walisema mzigo bado. Shangazi alikuwa akiutazama mzigo.

Madam akafunika boksi. "Hizo si zangu nikakugawia."

Lilikuwa neno la kweli pekee lililosemwa katika nyumba ile wiki nzima.

Madam alipopanda ghorofani kubadilisha nguo kwa mara ya tatu, Shangazi aliingia chumba cha akiba, akafungua katoni ya juu, akatoa boksi moja, akalitia mkobani chini ya kanga. Hakuhisi kwamba ameiba. Alihisi kama mtu aliyechukua barua yake iliyopelekwa kimakosa nyumba ya jirani.

Mgeni aliyengojwa saa sita alifika saa nane kasorobo. Alikuwa kijitu kifupi, shati nje ya suruali, kalamu mfukoni. Bwana Stoo alikuwa ndani ya suti ya vipande vitatu, jasho limeshafika kwenye tai. Akampokea mlangoni kwa mikono miwili, akamwonyesha zulia jeupe lililoanza hapo hapo kizingitini, akangoja kidogo, akitumaini mgeni ataduwaa, au walau atavua viatu. Mkurugenzi alipita na viatu vyake vya vumbi bila kutazama chini.

"Hii taa, mheshimiwa," Bwana Stoo alisema, "imekuja kwa meli. Ina vioo mia tatu."

Mkurugenzi akainua macho, akayashusha. "Mimi yangu niliing'oa. Inakusanya wadudu."

Wakaja kwenye friji. Lilikuwa friji la milango miwili, refu kuliko Bwana Stoo, na lilisimama sebuleni kando ya televisheni, maana jikoni nani angeliona? Bwana Stoo akabonyeza kitufe. "Linatoa barafu lenyewe." Friji likanguruma, likatikisika, likatema kipande kimoja ambacho kiliruka glasi na kutua zuliani. Wote wakakitazama.

"Jikoni hamna nafasi?" Mkurugenzi aliuliza.

Madam akaona zamu yake imefika. Akaketi mkabala na mgeni, mikono juu ya meza, bangili za dhahabu zikipanda karibu na viwiko, akizichezesha kila aliposema karibu. Simu ya Mkurugenzi ikaita. Aliipokea, akasikiliza, akaziba sikio la pili kwa kidole.

"Bibi, tulia kidogo," alisema. "Sisikii."

Madam akaificha mikono mapajani kama mtoto aliyekatazwa. Shangazi aliyaona hayo yote kupitia upenyo wa mlango, na laiti mwanawe angekuwa salama nyumbani, angecheka mpaka Jumatano.

Kengele ikalia. Akaingia na nyama, akaingia na wali, akaingia na mboga. Alipoinama kumpakulia mgeni, Mkurugenzi akaitazama mikono yake.

"Mama, umekuja kunipa chakula au kunipasua?"

Akacheka peke yake. Wenyeji wakacheka baadaye kidogo.

"Ni usafi tu, mheshimiwa," alisema Bwana Stoo. "Hoteli kubwa kubwa ndivyo wanavyofanya."

"Hizi si za ile shehena ya mwezi uliopita?"

Uma wa Bwana Stoo ukakwama hewani.

"Usiogope, bwana," Mkurugenzi alisema, akichagua mfupa. "Hata kwangu zipo. Mke wangu anaoshea mbwa."

Shangazi akarudi ukutani. Saa ya ukutani ilisema saa tisa. Aliwaza mwanawe, ambaye hata alipovunjika mkono akiwa mdogo hakulia kwa sauti, na akajiuliza kama wodini wanamdharau kwa ukimya huo, kwa sababu hospitali ile anayepiga kelele ndiye anayekumbukwa. Mkurugenzi alikula, akaongeza, akaongeza tena. Hakusifu sahani zenye ukingo wa dhahabu wala kuuliza zimetoka wapi. Mwisho akajipangusa mdomo, akamwelekezea Shangazi kidole.

"Huyu ndiye kapika?"

"Ndiye, mheshimiwa," Madam alidakia.

"Na hasemi?"

"Hasemi. Tumemfundisha."

"Wangu wanasema tangu jogoo hajawika. Nipeni huyu."

Uso wa Bwana Stoo ukang'aa. Saa nzima alikuwa ametembeza mali yake kama mchuuzi asiyepata mteja, na sasa hatimaye kitu kimoja ndani ya nyumba yake kilikuwa kimetamaniwa. "Ni wako, mheshimiwa!"

"Leo?"

"Leo hii. Akimaliza vyombo anapanda gari lako."

Madam akamtupia mumewe jicho, kama anayeuliza kesho atapika nani.

"Mimi nina mgonjwa," alisema Shangazi.

Wakageuka wote watatu, kama vile ukuta ndio uliosema.

"Mwanangu yuko wodi ya wazazi, hospitali yenu. Tangu jana mchana. Nimeomba ruhusa, naambiwa mgeni kwanza."

"Kumbe anasema," Mkurugenzi alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyenunua embe akakuta funza. Halafu, kwa wema: "Hospitali ipi? Ile ya wilaya? Ah, mama. Pale usimpeleke mtu wako. Pale hakuna vifaa. Mtafutie ya kulipia."

Alisema hivyo jinsi mtu anavyosimulia mvua ya nchi nyingine.

"Si wewe ndiye mkubwa wao?" Shangazi aliuliza.

Bwana Stoo alisimama hadi kiti kikaanguka. "Toka! Toka mbele ya mgeni!"

"Kaeni naye tu, simtaki tena," Mkurugenzi alisema, akitafuta kijiti cha meno.

Jikoni Shangazi alikwisha kushika mkoba wake Madam alipomfuata, akifoka kwa kunong'ona. "Umetuvua nguo! Cheo cha mume wangu umekikanyaga na hayo malapa yako!"

"Nakwenda hospitali. Gauni lako nitalileta kesho, limefuliwa."

"Huendi popote na vitu vyangu. Fungua huo mkoba."

"Niachie."

Wakavutana. Mshipi ukakatika. Pamba, wembe, uzi na shuka la plastiki vikamwagika sakafuni, na juu yake likaanguka boksi, muhuri ukitazama dari.

"Mwizi!" Madam alipiga ukelele, na alipokumbuka nyumba imejaa nini, ukelele ulikwisha kufika sebuleni.

Wanaume wakaja. Mkurugenzi alisimama mlangoni na kijiti mdomoni. Akalitazama boksi pale chini. Akainua macho akautazama mlango wa chumba cha akiba ulioachwa wazi, katoni safu kwa safu mpaka darini. Akarudisha macho kwenye boksi. Bwana Stoo hakupumua.

"Mama," Mkurugenzi alisema polepole, kama mwalimu anayesikitika, "hiyo ni mali ya umma."

"Nami nampelekea umma. Yupo wodini, anajifungua."

"Mali ya umma haichukuliwi kienyeji. Kila mtu akijichukulia, nchi itakwenda wapi?" Akamgeukia mwenyeji wake. "Iteni polisi. Mambo haya yakiachwa yanaota mizizi."

Rangi ikamrudia Bwana Stoo. Kwa kisigino akausukuma mlango wa chumba cha akiba ukajifunga nyuma yake. "Nilikuwa na shaka naye siku nyingi, mheshimiwa," alisema.

Mlinzi alimkalisha Shangazi kwenye benchi langoni. Alikuwa mtu mzima, na kila mchana kwa miaka mitatu alikuwa amekula chakula alichofichiwa na Shangazi. Hakumtazama usoni.

"Unisamehe. Wamesema nishike na simu yako."

"Wao wamesema. Wewe je?"

Mlinzi akaitia simu mfukoni mwa shati lake.

Polisi walipopigiwa walijibu kwamba gari lao halina petroli, kwa hiyo Bwana Stoo akatuma gari lake likawachukue. Ikapita nusu saa. Benchi lilikuwa juani. Dereva wa Mkurugenzi alilala kwenye kiti chake, miguu imetoka dirishani. Shangazi alipima njia kwa macho: lango, kona, barabara ya lami, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Akainuka. Mlinzi naye akainuka, akasimama mbele ya lango, kichwa kimeinama.

"Watanifukuza, Shangazi. Nina watoto."

"Na mimi ninaye."

Ndipo Madam akatokea, akija mbio mbio, viatu mkononi. Alikuwa amelia, au alikuwa karibu kulia.

"Mheshimiwa anataka kahawa. Ile mashine mpya inatoa moshi mtupu, mimi siiwezi. Njoo mara moja uitoe hiyo kahawa, halafu utarudi kukaa hapa."

Shangazi alitafuta tusi linalomtosha, akakosa. Yote yalikuwa madogo.

"Nirudishieni simu yangu."

"Kahawa kwanza."

"Nitoe kahawa, nipewe simu?"

"Utapewa. Haya, twende, anaangalia saa!"

Akaenda. Jikoni vitu vyake vilikuwa bado vimetapakaa sakafuni, na mtu alikuwa amekanyaga pamba. Boksi halikuwepo. Akaondoa kichujio cha mashine, akamwaga kahawa iliyoungua, akatia nyingine, akabonyeza. Dirisha lililo juu ya sinki lilitazama langoni. Maji yalikuwa yameanza kuchemka alipoisikia simu yake ikiita kule nje. Iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Mlinzi aliitoa mfukoni, akaitazama, akaitazama nyumba, mwisho akaiweka sikioni.

"Haloo? ... Ndiyo, ni simu yake ... Ah, wifi yake ... Hapana, mama, hawezi kusema nawe sasa hivi. Yuko kazini."

Kisha mlinzi akasikiliza kwa kitambo. Mashine ilipiga kelele, mvuke ukafunika kioo, Shangazi akaupangusa kwa kiganja, na alipopaona tena langoni, mlinzi alikuwa anavua kofia, kama mtu aliyefika msibani.

Sebuleni Mkurugenzi aliuliza hiyo kahawa inatoka leo au kesho, na Bwana Stoo akacheka sana.