Jiwe la Kushikia Uchungu

1.

Hodi.

Hodi tena. Mvua ilikuwa imemfukuza Tusekile mpaka kwenye nyumba asiyoijua, begani kabeba mfuko wa mawe.

"Umeiba barabara?" aliuliza Bi Somoe, mkunga mstaafu wa kijiji.

"Shikamoo, bibi. Nasoma chuo. Natafuta wanyama waliogeuka mawe."

"Marahaba. Basi ingia kabla hujageuka nawe."

2.

KADI YA KIELELEZO
Jenasi: Perisphinctes. Amonaiti, jamaa wa mbali wa pweza. Ametoweka.
Umri: miaka milioni mia moja na sitini hivi.
Jenasi hupatikana: Ulaya, Uhindi, Bukini (Madagaska), Tanzania.
Hiki kimepatikana: Lindi, kwenye kabati la mkunga.
Hali: mbavu za upande mmoja zimelika. Sababu:

3.

"Sababu ni sisi," alisema Bi Somoe. "Hapa mwanamke akishikwa na uchungu, hulishika jiwe hili. Mama alilishika akinizaa mimi."

"Na mimi mwezi huu," alisema Salima, mjukuu wake, tumbo mbele. "La sivyo nitashika shingo ya mume wangu."

Tusekile aliomba kuliazima kwa wiki mbili. Angelirudisha kabla Salima hajajifungua.

Bi Somoe alilifunga ndani ya kipande cha kanga. Hakudai kitambulisho. Hakudai hata

4.

TANGAZO KWA WANAFUNZI WOTE
Kielelezo kisichobaki katika hifadhi ya idara hakitakubaliwa kwenye tasnifu. Picha hazitoshi. Atakayepungukiwa atasubiri mahafali ya mwakani.

5.

Mwakani.

Mama yake Tusekile alikwishashona gauni la sherehe.

"Usipolirudisha, nani atakushtaki?" msimamizi wake aliuliza, kwa upole kabisa.

"Hakuna, mwalimu. Walinipa tu."

Wewe unayesoma, umewahi kupewa kitu namna hiyo?

6.

(Simu.)

"Mwanangu, Salima kaanza. Uko wapi?"

"Nimeshavuka Rufiji, bibi."

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilikuwa nalileta."

7.

Zahanati. Nesi alikwishazoea mambo ya jiwe hilo. "Lioshwe kwa sabuni kwanza," alisema, bila kuinua macho.

Tusekile aliliosha mwenyewe, akapitisha kidole kwenye kila ubavu, polepole, kama anayeaga.

Salima hakumsalimu. Alinyoosha mkono tu. Vidole vyake vikatua palepale vilipotua vya wengine wote.

"Asante kwa kuniazima," alisema Tusekile. Bi Somoe akamtazama, kisha akasogea kwenye benchi ampishe nafasi.

Salima akabana.

Akabana.

Aka