Mtani Alipochukua Bendera

Theodora alikuwa anagawa uji kwa waombolezaji, pale nyumbani kwao Itetemia, mjini Tabora, alipoona gari la chama kikongwe likiegeshwa nyuma ya gari la chama kipya. Akajua kazi imeanza. Baba yao, Mzee Hilari Kapaya, alikuwa bado sebuleni ndani ya jeneza, na tayari alikuwa na wenyewe wawili.

Walishuka kwa adabu. Festo, katibu wa chama kikongwe, alibeba bendera iliyokunjwa na kupigwa pasi. Bertila, mwenyekiti wa chama kipya, alikuja na ya kwao ndani ya mkoba. Kila mmoja alitoa pole, akakaa, akasema marehemu alikuwa mtu wao. Hakuna aliyesema uongo, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Mzee Hilari alianza kuandika safu ya "Mzigo wa Wiki" wakati Theodora hajaanza shule. Aliianzia kwenye gazeti la chama, enzi ambazo chama kilikuwa kimoja na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jioni ya kuandika, nyumba nzima ilinyamaza. Mama aliacha kutwanga, akachemsha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na harufu yake tamu ikajaa ndani huku taipu ikigonga chumba cha pili. Makala ikiisha, Revocatus, kaka mkubwa, alikimbia nayo stesheni kumkabidhi gadi wa treni ya Dar es Salaam. Gazeti liliporudi na makala ndani yake, wazee wa mtaa wa Kanyenye walinunua nakala moja, mmoja akasoma, wengine wakabisha. Theodora alikuwa akipita na ndoo ya maji anasikia maneno ya baba yake yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, na ndoo ilikuwa nyepesi siku hiyo.

Vyama vingi vilipokuja, mzee aliandika kwamba chama kinachoogopa wapinzani ni kama mtu anayetaka kucheza bao peke yake halafu ajisifu kwa kushinda. Wakamfutia safu. Akachukua kadi ya chama kipya, akagombea ubunge, akashindwa vibaya, akapata nafasi kwenye gazeti la mtu binafsi. Huko nako akaandika kwamba wenzake wanagombania viti kabla ya kujenga nyumba ya kuviweka. Wakamfukuza. Chama kikongwe kikampokea kwa ngoma, naye akashukuru, na muda si mrefu akaandika jinsi wakulima wa tumbaku wanavyopunjwa na watu wenye kadi kama yake. Ngoma zikanyamaza. Wapo waliomwita kigeugeu. Theodora alimwita hivyo pia, mara moja, usoni kwake, na mzee akacheka tu.

Lakini mwezi uliopita, Theodora alipokuwa anamlisha uji kwa kijiko, mzee alimwambia jambo moja ambalo hakucheka alipolisema.

"Nikifa msinivishe chama, mama. Nilivivaa nikiwa hai, na vyote vilinibana."

Walikuwa wawili tu chumbani.

Ndiyo maana Theodora aliweka chini birika la uji akamvuta Revocatus nyuma ya jiko. Akamweleza wosia wa baba bila kuuzungusha. Revocatus alisikiliza huku anaangalia viatu vyake. Alisema wosia wa mdomo hauna shahidi, na kwamba yeye ndiye mtoto mkubwa na neno la msiba ni lake. Theodora akamwambia kwamba neno la msiba analitaka kwa sababu anataka udiwani. Hakukataa. Alisema tu kwamba baba alianza na chama kikongwe, na mtu huzikwa alikoanzia.

"Basi mzike na nepi," alisema Theodora.

Aliporudi sebuleni, bendera ya Festo ilikuwa imeshatandazwa juu ya jeneza, na Bertila amesimama na ya kwake mkononi, anasema kwa sauti ya chini kwamba kama ni hivyo, nao wataweka. Padri alikuwa njiani. Theodora alitazama ile bendera iliyonyooka kwa pasi juu ya baba yake. Angeweza kuing'oa. Lakini mwanamke anayeng'ang'ania bendera mbele ya msiba wa baba yake angekuwa habari ya mji mzima, na mzee angezikwa katikati ya ugomvi. Alishindwa, naye alijua ameshindwa.

Hapo ndipo Majidi alipoingia.

Majidi alikuwa fundi cherehani wa Kanyenye, Mzaramo ambaye babu yake alifika Tabora kwa miguu na akasahau kurudi. Alikuwa mtani wa Mzee Hilari, kwa ule utani uliotokana na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakipita Uzaramo na mizigo yao kuelekea pwani. Alikuwa amevaa koti kuukuu la marehemu na miwani yake, na kwapani amebeba ile taipu. Wanawake kwenye mikeka walianza kucheka kabla hajasema neno.

Alilizunguka jeneza, akachukua bendera ya Festo, akaichomoa na ya Bertila mkononi. Hakuna aliyemzuia. Kitu kikichukuliwa na mtani msibani hakinyang'anywi, hukombolewa. Akazisokota zote mbili pamoja, akafanya ngata, akaiweka kichwani, juu yake akaibandika taipu. Akaanza kutembea kwa kuinama, goti limelegea.

"Mtazameni Mnyamwezi wangu huyu. Babu zake walipita kwetu na pembe za ndovu, wakaomba maji. Yeye kapita na maneno, hata maji hakuomba. Katuachia kiu sisi."

Revocatus alitoa noti mfukoni, kama ilivyo desturi. Majidi aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa panya aliyekufa. Akasema bei yake si hiyo. Alitoa mfukoni mwa koti makaratasi mawili ya gazeti, ya njano, yenye gundi nyuma, aliyoyabandua kwenye ukuta wa kibanda chake. Anayetaka bendera asimame asome kwa sauti yale mzee aliyoandika juu yao.

Bertila alichukua la kwake. Ilikuwa ile ya viti na nyumba. Alianza kwa kukaza uso, lakini alipofika mahali ambapo mzee alimtaja mwenyekiti wa wilaya anayelala na kiti chake kisije kikaibiwa, alishindwa kujizuia.

"Huyu alikuwa marehemu mume wangu," alisema, na watu wakaangua kicheko, naye akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alimaliza yote. Majidi akaitua taipu, akasokotoa bendera yake, akampa. Bertila aliikunja, akairudisha kwenye mkoba, akaufunga zipu.

Festo alisema hakuja na miwani. Majidi akavua ya marehemu akampa. Festo akasema macho yake ni ya namba nyingine.

"Lete hapa," alisema Revocatus.

Alisimama kama mgombea, kifua mbele. Haikuwa makala ya tumbaku. Ilikuwa ile ya mwisho kabla safu haijafutwa. Alisoma habari ya bao bila tatizo. Kisha akafika chini, mzee alipoandika kwamba huenda asiandike tena hapa, na kwamba hasikitiki kwa ajili yake, anamsikitikia kijana wake ambaye kila wiki hukimbia stesheni na bahasha mkononi, akirudi anauliza kama treni inajua imebeba nini. Revocatus alisoma hadi hapo, akarudia mstari uleule, akaishusha karatasi. Theodora alimwona tena na kaptura yake ya shule, vumbi hadi magotini, akiingia jikoni kuomba michembe.

Majidi hakutania. Alimkabidhi bendera, akavua koti, akalikunja.

Padri alifika, sala zikasaliwa, wakaambiwa wanyanyue. Revocatus alikuwa wa kwanza kulishika jeneza, upande wa kichwa. Bendera ilikuwa bado mkononi mwake. Festo alisogea, akanyoosha mkono, akionyesha juu ya kifuniko. Revocatus aliitazama, akaisokota haraka, akaiweka begani kwake, na jeneza likatua juu yake.

"Jeneza linakata bega," alisema, hakumtazama mtu.

Festo akakohoa. Theodora alipita mbele yao kufungua lango, akaona kwamba juu ya mbao za jeneza hakukuwa na kitu.

"Haya, taratibu hapo kizingitini," alisema. "Msimwangushe."