Viungo vya Ndafu

Kopo lilikuwa na picha ya ng'ombe anayecheka, na hilo peke yake lilitosha kumuudhi Aikande. Ng'ombe gani anacheka akiwa kwenye kopo la viungo vya nyama choma?

"Shangazi, mahoteli ya kule juu Ngorongoro wanatumia hivi hivi," alisema Edgar, mtoto wa kaka yake, ambaye kazi yake ni kuendesha watalii. "Unafungua, unapaka, basi. Nimekuletea mawili usije ukajichosha."

"Ndafu ya harusi yako niipake unga wa kiwandani? Watu watoke Rombo mpaka Karatu waje kula mbuzi anayenuka duka la dawa? Wapelekee Wazungu wako."

Edgar alicheka, akaliacha suala hilo hapo. Kubishana na Aikande juu ya ndafu kulikuwa kujitafutia maneno. Mbuzi mzima wa kuchomwa, yule ambaye Wachaga humweka mbele ya maharusi kama wengine wanavyoweka keki, pale Karatu alikuwa na fundi mmoja tu, na fundi huyo hakufundishwa na kopo. Aikande akachuma rozmari uani, akakausha tangawizi na vitunguu saumu, akaongeza binzari na pilipili manga, akaenda kusagisha sokoni kwenye mashine ya Lazaro. Alipofungua mfuko nyumbani alivuta harufu akafurahi. Safari hii viungo vilikuwa na utamu fulani asioweza kuutaja.

Tena kwa harusi hii alikuwa na sababu ya kujituma. Kwenye kikao cha kwanza cha familia alisema mbele ya wote kwamba Edgar aachane na huyo binti wa Kimbulu, akatafute mke nyumbani Rombo. Maneno yakafika Ganako kwa kina binti kabla hata chai ya kikao haijapoa. Sasa alimjua Leonida, alikuwa amempenda, na aliona aibu. Kuomba radhi kwa mdomo hakuweza, kwa hiyo aliamua kupika.

Lukresia, mama wa bibi harusi, alipomweleza kwamba mwanawe hagusi karanga, kwamba utotoni alilazwa taabani kwa sababu tu ya mboga iliyokorogwa na mwiko uliotoka kwenye karanga, Aikande alizipiga karanga marufuku kwenye shughuli nzima. Hata mpishi wa pilau aliyekuja na pakiti mfukoni aliamriwa akazile barabarani.

Siku ya harusi, chini ya turubai kule Ganako, mbuzi alisimama kwenye sinia lake, mwekundu, anang'aa, majani mabichi mdomoni. Lazaro wa mashine, aliyekuwa mmoja wa waalikwa, alipita nyuma ya jiko kuchungulia.

"Mama Ndafu, harufu hiyo! Na mimi nina mkono wangu humo, msinisahau kwenye mgawo." Alicheka. "Unajua siku ile ulinikuta ndiyo kwanza nimemaliza kusaga karanga za uji wa watoto? Nikapitisha pumba kidogo kusafisha, nikakusagia. Wala hukugundua."

Aikande alimgeukia.

"Karanga?"

"Karanga. Kwani vipi?"

"Hamna kitu," alisema, na akajisikia akisema.

Huenda pumba ilisafisha yote. Huenda moto ulimaliza. Lakini ule utamu aliounusa mfukoni sasa alijua jina lake. Akiwaambia watu, nani ataamini kwamba hakujua? Shangazi aliyemkataa binti mbele ya kikao, aliyesisitiza kutengeneza viungo kwa mkono wake, aliyeyakataa makopo. Watasema alitaka kuua. Hata yeye, kama angesimuliwa habari hiyo ya mtu mwingine, angesema hivyo hivyo.

Muziki ukapanda. Mshereheshaji akaita ndafu, vigelegele vikajibu, na Thomasi, mpwa wake mwenye mabega mapana, akashika sinia upande wa mbele. Aikande akashika nyuma. Walianza kuingia wakicheza, na yeye akacheza pamoja nao. Kisha akapata wazo la woga: nianguke. Mbuzi agaagae vumbini, watu wasikitike, yaishe. Akajikwaa kwa makusudi na kuachia mkono.

Thomasi alilidaka sinia lote kifuani. Turubai zima likampigia makofi.

Ndafu ikatua mbele ya maharusi. Edgar akapewa kisu, akakata kipande cha paja, akakichoma kwa kijiti, akamgeukia mkewe. Mpiga picha akasogea. Leonida akafumba macho, akafungua kinywa.

Aikande alifungua chake pia, hakikutoka kitu. Akaruka akaushika mkono wa Edgar, nyama ikaanguka juu ya kitambaa cheupe cha meza.

"Asile!" Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Viungo vyangu vimesagwa kwenye mashine ya karanga. Asile, jamani, asiguse."

Muziki ulikatwa. Lukresia alisimama upande wa pili wa meza.

"Ulijua lini, mkwe?"

"Sasa hivi. Kabla tu ya kuingia."

"Ukacheza mpaka hapa?"

Aikande aliitazama nyama juu ya kitambaa. Alisikia minong'ono ikianza viti vya nyuma, ikisogea mbele, na ndani yake akasikia neno sumu. Edgar alimtazama kama mtu asiyemjua. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Leonida peke yake alibaki amekaa. Alikuwa ameupeleka mkono kooni, ameuacha hapo, na uso umempauka. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya matunda, akachukua ndizi mbivu ambayo haijamenywa.

"Shangazi," alisema. "Kanawe mikono. Halafu uje unilishe wewe."

Kwenye ndoo Aikande alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akarudia, akanusa kila kidole, akarudia tena. Aliporudi alikuwa analia bila kujifuta, akiogopa kujigusa uso. Alimenya ndizi kwa ncha za vidole. Mama wa binti alikuwa amesimama karibu yake kabisa, hapumui.

Leonida aliuma. Aikande alilitazama koo lile changa likipanda na kushuka, akangoja, na katika maisha yake yote hakuwahi kuogopa kiasi hicho. Leonida alimaliza kumeza, akamtazama usoni, akafungua kinywa tena.